Bibi kaondolewa TASAF, mwenyekiti anakuzungusha: fanya hivi

Pole sana mkuu. Nimekuelewa: bibi ana miaka 78, anaishi na wajukuu wawili, jina limetoka kwenye orodha ya TASAF (mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini) na mwenyekiti wa kijiji kila siku anasema "njoo kesho".

Acha kumfuata mwenyekiti kwa mdomo. Andika barua fupi ya malalamiko kupitia kwa mtendaji wa kijiji (VEO), nakala kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri. Baki na nakala yako yenye mhuri wa mapokezi. Bila mhuri watakuambia hawajawahi kuiona. Angalia pia jina la kitambulisho cha bibi lisitofautiane na la TASAF, maana herufi moja tu inaweza kuleta shida.

Mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila miezi mitatu. Simama uulize hapo, mbele ya watu, tena kwa adabu. Diwani naye ajulishwe, ndiye anayeweza kulisemea kwenye baraza la madiwani.

Akitokea mtu anataka "ya soda" ili arudishe jina, usitoe. Piga TAKUKURU (taasisi ya kupambana na rushwa) 113, bure.

Kama bibi anakosa chakula au dawa sasa hivi, usisubiri barua: nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, umuulizie na kitambulisho cha matibabu ya wazee.