Fundi Anajibu: Kabla ya Kuilaumu Turbo, Itazame Oili

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu, ninaishi Mukono na kufundisha Kampala. Nina Toyota Starlet Glanza V ya mwaka 1998, ile yenye turbo, ambayo kaka yangu aliniachia alipohama. Oili ninayonunua imeandikwa kwenye kopo kwamba inafika kilomita 10,000, nami ninafuata hivyo. Tangu mwezi uliopita gari linatoa moshi wa buluu ninapoliwasha asubuhi. Fundi amesema turbo imekufa, na bei aliyonitajia inazidi mshahara wangu wa miezi miwili. Je, nikubali? Na oili ibadilishwe kila baada ya kilomita ngapi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usilipe chochote kwa sasa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na hapo fundi wako hajakosea, lakini oili ina njia kadhaa za kufika mahali pa kuungulia. Moshi unaotoka gari linapowashwa baada ya kulala usiku kucha, kisha ukakatika baada ya dakika moja au mbili, mara nyingi ni dalili ya sili za vali (vifuniko vidogo vya mpira vinavyozuia oili isiingie kwenye silinda) zilizokauka, kwa sababu oili huchuruzika taratibu kupitia hapo injini ikiwa imezimwa. Turbo, yaani ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa zaidi ndani ya injini, ikichoka hujionyesha zaidi gari linapokuwa limesimama likinguruma kwa muda, halafu dereva akakanyaga mafuta, au linapovuta mlima. Tazama kwanza moshi wako unatoka saa ngapi na unadumu kwa muda gani.

Kisha mwombe fundi afungue mpira mmoja tu, ule unaopeleka hewa kwenye turbo kutoka kwenye filta ya hewa, injini ikiwa baridi. Ndani utaona feni ndogo ya alumini. Aishike nati iliyo katikati kwa vidole viwili, aisukume kando, kisha aivute na kuirudisha mbele na nyuma. Kucheza kidogo kwa kando ni kawaida, kwa kuwa shafti ya turbo ya aina hii huelea juu ya utando wa oili, na injini ikiwa imezimwa utando huo haupo. Lakini isicheze kwa kwenda mbele na nyuma kiasi cha kuhisiwa na vidole, na ncha za feni zisiwe zimekwaruza ukuta. Ikiwa feni inazunguka kwa wepesi na ncha zake ni kali na safi, nitashangaa sana nikisikia kwamba turbo hiyo ndiyo mgonjwa.

Kuna kosa jingine ambalo limewagharimu watu wengi fedha bure. Oili huingia kwenye turbo ikisukumwa na pampu, lakini hutoka kwa kuteremka yenyewe kupitia paipu pana iliyo chini, hadi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Paipu hiyo ikiziba kwa tope la oili, au vali ya PCV (ile inayotoa mvuke na presha kutoka ndani ya injini) ikiziba na presha ikapanda humo, oili hukosa pa kuteremkia, hujaa kwenye nyumba ya beringi na kupenya sili. Gari hutoa moshi sawasawa na turbo iliyokufa, ilhali turbo yenyewe ni nzima. Vali ya PCV ni kifaa kidogo cha bei nafuu, na kuikagua hakuchukui hata nusu saa.

Sasa nije kwenye kilomita 10,000, kwa sababu hapo ndipo ninapoona hatari yako ya kweli. Namba iliyo kwenye kopo haikuandikwa kwa ajili ya gari lako. Mwongozo wa Toyota kwa soko la Japani, ambako Glanza ilitengenezewa, huyapa magari ya petroli yenye turbo kilomita 5,000 au miezi 6, lolote litakalotangulia, na kwa matumizi magumu huikata nusu: kilomita 2,500 au miezi 3. Matumizi magumu hayamaanishi mbio za magari. Maana yake ni safari fupi fupi, vumbi, milima, na injini kunguruma muda mrefu bila gari kwenda. Hiyo ndiyo barabara ya Jinja saa moja asubuhi, kuanzia Bweyogerere hadi Nakawa.

Fanya hesabu hii pamoja nami. Ukienda kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa, kilomita 5,000 ni zaidi ya saa 330 za injini kufanya kazi. Mtu anayesafiri kwenda Masaka kwa kilomita 60 kwa saa anazimaliza kilomita hizo hizo kwa saa 83 hivi. Mita ya kilomita inawaona ninyi wawili kuwa sawa, lakini oili yako imepikwa mara nne zaidi, na kila injini inapowashwa ikiwa baridi, petroli kidogo hupenya pistoni na kuipunguzia oili uzito wake. Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni ile ya matumizi magumu, kilomita 2,500 au miezi 3, pamoja na filta mpya kila mara. Ukiona kwenye fremu ya mlango stika ya Kijapani yenye tarehe na kilomita, isome: ni kumbukumbu ya mwenye gari wa kwanza ya kubadilisha oili, na mara nyingi inaonyesha alivyolitunza.

Kwa nini turbo haivumilii oili chafu ilhali injini isiyo na turbo huvumilia? Shafti yake, ambayo si nene kuliko kidole, huzunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika, na upande wake mmoja unapigwa na moshi wa ekzosi unaoweza kukaribia nyuzi 900 za Selsiasi. Kinachoitenganisha na beringi ni utando mwembamba wa oili tu. Oili iliyochoka hugeuka masizi magumu kwenye joto hilo, na masizi hayo huanza kujenga ukuta ndani ya paipu inayoileta.

Nililiona hilo kwa macho yangu nilipokuwa bado ninajifunza kazi katika gereji moja hapa mjini. Tulimfungia mteja turbo nyingine, ikafa baada ya wiki tatu, na yeye akalipa mara mbili. Ndipo mkubwa wetu alipoikata paipu ya oili kwa msumeno, kwa urefu wake. Kwa nje ilikuwa nzuri, inang'aa. Kwa ndani ilikuwa imejaa kitu cheusi kama mkaa, na katikati pamebaki tundu ambalo sindano ya kushonea ingepita kwa shida. Hakuna aliyekuwa ameitazama. Hadi leo sikubali turbo ifungwe bila paipu mpya, au angalau ile ya zamani kusafishwa na kupulizwa hadi tuone mwanga upande wa pili. Ukifika mahali pa kubadilisha kweli, mwalimu, lidai jambo hilo kabla ya kulipa.

SWALI: Nina Volkswagen Golf GTI iliyotoka Uingereza. Kitabu chake cha sevisi kinasema kilomita 30,000 au miaka miwili. Nikifuata kitabu nitakuwa nimekosea? Msomaji, Mbarara.

JIBU: Kitabu hakidanganyi, ila kinazungumzia mpango wa LongLife, yaani wa kukaa muda mrefu bila kubadilisha oili, unaotaka oili maalumu ya kiwango kilichoidhinishwa na Volkswagen na gari linaloenda safari ndefu kwenye barabara kuu za Ulaya. Volkswagen yenyewe ina mpango wa pili wa kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa magari yasiyoishi hivyo. Kwa Mbarara, penye vumbi la murram mara tu unapoiacha lami, mimi ningebadilisha kila kilomita 7,500. Kwa injini hizi za turbo zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, tafuta pia oili yenye alama ya ubora ya API SP kwenye kopo, iliyoanza mwaka 2020; imetengenezwa kuzuia mlipuko wa mapema kwenye mwendo mdogo, ambao unaweza kuvunja pistoni. Na filta ya hewa usiisahau, kwa kuwa mchanga unaopita hapo hula ncha za feni ya turbo kisha huishia kwenye oili.

SWALI: Fundi, nina Subaru Forester ya turbo, na ninapanda milima ya Kabale kila wiki. Je, ni lazima niache injini ikinguruma dakika tano kabla ya kuzima? Na kuna kitu chochote cha pekee kwa Subaru?

JIBU: Dakika tano ni nyingi mno. Ukiwa umeendesha polepole kilomita mbili za mwisho kabla ya kufika nyumbani, zima tu. Ukisimama ghafla baada ya kuvuta mlima kwa nguvu, ngoja dakika moja au mbili, ili oili iliyomo kwenye beringi isiachwe ikiungua mahali pamoja.

La pekee lipo. Katika baadhi ya injini za turbo za Subaru, bolti yenye tundu inayoshika paipu ya oili ina kichujio kidogo cha wavu ndani yake, kidogo kuliko kucha ya kidole cha mwisho. Oili isipobadilishwa kwa wakati, wavu huo huziba na turbo hukosa oili huku presha ya oili ya injini ikisoma vizuri. Mwombe fundi aifungue hiyo bolti katika sevisi ijayo, aushike wavu mbele ya mwanga, na akikuta umeziba, aweke mpya pamoja na washa zake mbili, zile pete za kuzibia.