Kabla hujanunua dishi kwa ajili ya filamu za bure

Fundi akikuambia "lipa mara moja, filamu utaangalia bure maisha yako yote," naomba unisikilize kwanza. Mimi nililipa: dishi la futi sita, risiva, waya, na pesa ya ufundi juu. Wiki saba tulikesha sebuleni na watoto. Jumamosi moja usiku, filamu ikiwa imefika patamu, picha ikaganda, kioo kikawa cheusi, yakatokea maandishi kwamba chaneli imefungwa. Nikampigia fundi. "Hilo kaka liko nje ya uwezo wangu," akasema. Ni kweli, hakuwa na la kufanya.

Nilikuja kuelewa niliposoma habari za HBO, chaneli ya filamu ya kulipia ya Marekani. Ilianza Novemba 8, 1972, mjini Wilkes-Barre, Pennsylvania, ikiwa na wateja 365 tu. Mwaka 1975 ikapanda setilaiti kwa pambano la Muhammad Ali na Joe Frazier kutoka Manila. Matangazo yalikusudiwa kampuni za kebo, yaani zinazopeleka televisheni majumbani kwa waya, ambazo ndizo zilizokusanya ada. Lakini mawimbi yakishashuka hayachagui paa. Wenye madishi makubwa uani wakayanasa bila kulipa, na wauza madishi wakapata wateja.

Januari 15, 1986, HBO wakayafunga mawimbi hayo. Aliyetaka kuendelea alihitaji king'amuzi cha dola 395, na dola 12.95 kila mwezi. Mtu ameshanunua dishi zima, jamani! Aprili mwaka huohuo muuza madishi mmoja wa Florida, aliyekuwa pia na kazi kwenye kituo cha kurushia matangazo, aliingilia mawimbi ya HBO na kuweka maandishi ya kulalamikia bei hiyo kwa dakika nne na ushee. Akapigwa faini ya dola 5,000. Uchungu wake naujua, ila chaneli haikufunguliwa.

Kwa hiyo muulize fundi swali moja kabla hujatoa pesa: chaneli hii inaishi kwa pesa ya nani? Ya serikali, ya dini au ya matangazo ya biashara ina sababu ya kubaki wazi. Ya filamu mpya imenunua haki za kuonyesha, na inategemea ada yako. Ukiiona wazi leo, usiipangie bajeti.

Siku hizi nalipia kifurushi mwezi mmoja mmoja, watoto wakiwa likizo. Shule zikifunguliwa naacha. Lile dishi bado liko juu ya bati, na jioni tunaangalia taarifa ya habari.