Kinga yako si dhaifu

Marahaba, mwanangu. Hapa Kirumba tu wazima, dagaa wameshuka bei, baba yako analalamikia mbu kama kawaida.

Unasema majibu yameonyesha una bakteria wa tumbo, Helicobacter pylori, na daktari amekwambia huenda unaye tangu utotoni. Unauliza mbona mwili haukumfukuza, au kinga yako ni dhaifu?

Hapana. Kinga inapigana naye, ndiyo maana utando wa tumbo umevimba: chembechembe nyeupe za damu zimejazana pale. Silaha yao mojawapo kubwa ni oksijeni iliyogeuzwa sumu. Kwanza supaoksaidi, kisha haidrojeni peroksaidi, ile ile tuliyokuwa tukikusafishia magoti ulipoanguka. Sumu hizo hula protini, mafuta na vinasaba vya bakteria kama kutu inavyokula bati.

Watu husimulia habari za yurease tu, kimeng'enya kinachovunja urea kuwa amonia na kupoza asidi iliyomzunguka. Ni kweli, bila hicho asingefika popote. Lakini asidi si adui yake pekee, na dhidi ya sumu za oksijeni ana vimeng'enya vingine. Supaoksaidi dismutasi, ambayo anayo ya aina moja tu, huigeuza supaoksaidi kuwa peroksaidi. Katalasi huivunja peroksaidi ikawa maji na oksijeni. Hiyo nimeiona mara nyingi maabara: unapaka bakteria kidogo kwenye kioo, unadondoshea peroksaidi, papo hapo povu linafoka. Kuna pia AhpC, inayoshughulikia peroksaidi za mafuta, na huyu bwana huitengeneza kwa wingi wa ajabu.

Watafiti walipofuta jeni la dismutasi na kuwapa panya bakteria hao, karibu panya wote hawakushikwa. Walipofuta la katalasi, bakteria walishika mwanzoni, ila kadiri muda ulivyokwenda wakapungua. Mimi hilo la pili ndilo linanivutia zaidi, maana linajibu swali lako la miaka: kuingia tumboni ni kazi moja, kudumu humo ni nyingine.

Tena ana ujanja unaoniudhi. Chembe nyeupe ikimmeza, yeye huivuruga, sehemu kubwa ya supaoksaidi ikamwagwa nje badala ya kwenye kifuko alimo. Kwa hiyo mishale ya kinga yako inakuchoma wewe. Uvimbe huo ukiendelea miaka mingi huzaa vidonda, na kwa wachache saratani; tangu 1994 bakteria huyu yumo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya visababishi vya saratani.

Hivyo vidonge vya kuondoa sumu wanavyokuuzia huko mjini viache. Havimwui. Dawa ulizoandikiwa, antibiotiki mbili pamoja na omeprazole ya kupunguza asidi, zimeze siku zote 14, hata tumbo likitulia mapema. Ukishamaliza antibiotiki subiri angalau wiki 4 ndipo upime kinyesi tena, na wiki 2 kabla ya kipimo usiguse omeprazole. Ukiharakisha, kipimo kinaweza kukuambia amekwisha kumbe yupo.

Mama yako