Vishimo vya kutu kwenye wembe wa kukunja

SWALI: Nimenunua wembe wa zamani wa kukunja, wa Sheffield, Uingereza. Kutu nyekundu imetoka kwa mafuta, ila yamebaki madoa meusi na vishimo. Nianze na msasa namba ngapi?

JIBU: Kwanza tazama kwa lenzi vishimo viko wapi. Vya karibu na mgongo vinaharibu sura tu. Vya kuogopa ni vilivyo milimita moja au mbili kutoka kwenye makali: kila unaponoa, makali yanarudi nyuma, na yakifika kwenye kishimo yanamong'onyoka. Kilichokwisha kuingia kwenye makali hakitoki kwa msasa. Makali yashushwe kwenye jiwe la kunolea mpaka kiishe.

Butua makali kwa kuyapitisha polepole juu ya kitako cha glasi, uyafunike kwa tepu. Laza wembe juu ya ubao. Ukiushika hewani na kuukandamiza utapasuka. Chonga kizibo cha chupa ya mvinyo kifuate mbonyeo wa ubapa, kizungushie msasa wa maji uliolowa sabuni. Jaribu namba 600. Ikishindwa, shuka 400. Namba 220 inakula haraka, lakini mikwaruzo yake utahangaika nayo siku nzima. Kisha panda 800, 1000, 1500, 2000. Kila namba geuza mwelekeo: hii kwa urefu wa wembe, inayofuata kutoka mgongoni kwenda makali. Ukiona bado mkwaruzo wa mwelekeo uliopita, usipande. Wengi hukimbilia Brasso, dawa ya kung'arishia chuma, hapa, na mng'ao ndio unaowaumbua kwa kuonyesha mikwaruzo iliyobaki. Mgongo pale unapogusa jiwe usiuguse kabisa: unene wake ndio unaoshika pembe ya kunolea.

Doa jeusi lisilo na shimo liache. Siki italitoa, lakini feleji itabaki ya kijivu.

SWALI: Dreli yenye gurudumu la kung'arishia je?

JIBU: Kwa mwendo mdogo, na mikono bila glavu: ukihisi joto, chovya majini. Feleji ikigeuka buluu imekaribia nyuzi 300 na ugumu umekwenda; wembe huo hautashika makali tena.

SWALI: Wangu hushika kutu pale tu mpini unapofunika.

JIBU: Kama mpini ni wa seluloidi, plastiki ya zamani, huenda unaoza na kutoa mvuke wa asidi. Ubadilishe kabla ya kushika msasa, na usiuweke sanduku moja na nyembe nyingine.