Seva imekufungia nje: soma inavyokukataa kabla hujaiwasha upya

Wadogo zangu mnaokabidhiwa seva kwa mara ya kwanza, kujifungia nje si kosa la kumfukuzisha mtu kazi. Kinachouma ni yanayofanyika baada ya hapo. Kijana anaingia kwenye paneli ya mtoa huduma wa seva, anabonyeza kuwasha upya, SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) haifunguki, anabonyeza tena, na kabla saa haijaisha amesakinisha mfumo mpya juu ya diski yenye hifadhidata ya mteja. Jamani, data ilikuwa salama muda wote huo. Kilichofungwa kilikuwa mlango peke yake.

1. Soma unavyokataliwa, neno kwa neno.

Ukiona `Connection timed out`, pakiti zako zinatupwa kimyakimya: ni fayawoli (kizuizi cha mtandao) ya seva, ni fayawoli ya paneli ya klaudi, au mtandao wa seva yenyewe umezimika. Ukiona `Connection refused`, mashine iko hai na kerneli (kiini cha mfumo) inajibu, ila hakuna kinachosikiliza kwenye poti hiyo. Ukiona `Permission denied (publickey)`, acha fayawoli kabisa; mtandao ni mzima, sshd (programu ya seva inayopokea SSH) ni nzima, na shida iko kwenye ufunguo, kwenye AllowUsers (orodha ya wanaoruhusiwa kuingia), au kwenye ruhusa za mafaili. Folda ya `.ssh` iwe 700, `authorized_keys` iwe 600, na folda yako ya nyumbani isiandikike na kundi wala watu wengine. Aliyepiga `chmod -R 777` kwenye /home ameifanya sshd iukatae ufunguo halali, na inafanya hivyo kwa makusudi.

Kuna mtego kwenye hiyo `refused`. Fail2ban (programu inayowafungia wanaokosea kuingia mara nyingi) ikikuzuia kupitia iptables (kanuni za fayawoli za Linux), kwa kawaida hukujibu kwa kukataa badala ya kunyamaza, kwa hiyo unaona `refused` na kudhani sshd imekufa. Mipangilio yake ya awali ni makosa 5 ndani ya dakika 10, kifungo dakika 10. Jaribu kupitia data ya simu. Ikifunguka, seva haina tatizo. Iliyofungiwa ni anwani ya IP ya ofisi yenu. Ingia kupitia data hiyo na upige `fail2ban-client set sshd unbanip` ikifuatiwa na anwani hiyo.

2. Dirisha la SSH lililo wazi halithibitishi chochote.

Hapa nitakaa, maana ndipo wengi wanapoangukia bila kujua kilichowaangusha. Unaandika `ufw enable` kuwasha ufw, fayawoli ya Ubuntu. Inakuonya kwamba miunganisho ya SSH huenda ikakatika, unajibu y, na hakuna kinachokatika. Amri zinaendelea kujibu kama kawaida. Unaridhika, unaandika `exit`, na hapo umekwisha. Sababu ni kwamba kanuni za ufw huanza kwa kupitisha pakiti za miunganisho iliyokwisha kuanzishwa, na kerneli inaukumbuka wako. Anayezuiwa ni anayekuja kubisha upya, na kesho asubuhi atakayebisha upya ni wewe. sshd nayo iko vivyo hivyo: ukiiwasha upya, systemd (msimamizi wa huduma za Linux) huua mchakato mkuu tu na kuyaacha madirisha ya zamani, kwa sababu huduma hiyo imewekewa `KillMode=process`. Hata ukiharibu `sshd_config` kiasi cha huduma kushindwa kuinuka, dirisha lako litaendelea kupokea amri kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo badilisha, piga `sshd -t` (ikinyamaza, maandishi hayana kosa la sarufi), washa huduma upya, kisha fungua dirisha la pili uingie upya, la kwanza likiwa bado wazi. Na kama umewasha ControlMaster (mpangilio wa kutumia muunganisho mmoja kwa madirisha mengi) kwenye kompyuta yako, hilo la pili litapita ndani ya muunganisho wa kwanza na kukupa jibu la uongo. Tumia `ssh -o ControlPath=none`.

`sshd -t` haikuambii kama ulichoandika ndicho kitakachotumika. Hilo unaliona kwa `sshd -T`. Kwenye Ubuntu, mafaili ya `/etc/ssh/sshd_config.d/` husomwa kwanza, na sshd hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo. Ndiyo maana mtu huandika `PasswordAuthentication yes` kwenye faili kuu na nywila bado inakataliwa: `50-cloud-init.conf` ilishatangulia kusema no.

Kisa kinachojirudia zaidi siku hizi ni cha kuhamisha poti kwenye Ubuntu 24.04. Umeandika `Port 2222`, umeifungua kwenye ufw, umeifunga 22, umepiga `systemctl restart ssh`. Sasa 2222 inakupa `refused` na 22 inakupa `timed out`. Majibu hayo mawili yakikaa pamoja yanakueleza kila kitu: fayawoli imekutii, sshd bado imeketi kwenye 22. Tangu Ubuntu 22.10, anayeshika poti ni `ssh.socket` ya systemd, si sshd yenyewe, na ilitakiwa upige `systemctl daemon-reload` kisha `systemctl restart ssh.socket`. Kwenye 24.04 poti husomwa upya mfumo unapoinuka, kwa hiyo hapa, kwa nadra, kitufe cha kuwasha upya ndicho dawa. Kadhalika kanuni za iptables ulizoandika kwa mkono bila kuzihifadhi: zitafutika. Lakini kanuni za ufw na za netplan (mipangilio ya mtandao ya Ubuntu) zimeandikwa kwenye diski, na utaziwasha upya mara mia zikirudi vilevile.

3. Konsoli ya paneli (skrini ya seva unayoifungua kwenye kivinjari) haipiti kwenye SSH wala haiulizi fayawoli.

Nywila ikikataliwa hapo, shuku kibodi kwanza. Konsoli nyingi huchukulia kibodi ya Marekani, ilhali kwenye ya Uingereza, @ na " zimebadilishana nafasi. Chapa nywila kwenye sehemu ya jina la mtumiaji uone kinachotokea, kisha ifute. Kama root hana nywila kabisa, washa upya ukishikilia Shift (au Esc kwenye UEFI) mpaka GRUB (menyu ya kuinua mfumo) ionekane, bonyeza e, kwenye mstari unaoanza na `linux` geuza `ro` iwe `rw`, ongeza `init=/bin/bash` mwishoni, kisha Ctrl+X. Skrini ikibaki tupu, futa `console=ttyS0` kwenye mstari huohuo, maana maandishi yanakwenda kwenye konsoli ya serial. Piga `passwd`, piga `sync`, washa upya. Kwenye jamaa za Red Hat ongeza `touch /.autorelabel` kabla ya kutoka, la sivyo SELinux (ulinzi wa ndani wa mfumo) itakukatalia hata hiyo nywila mpya.

4. Pasipo konsoli, toa diski.

Modi ya uokoaji ya paneli, inayoinua seva kwa mfumo mwingine wa muda, inafanya kazi hiyo kwa niaba yako. Kwenye AWS (klaudi ya Amazon) unaifanya mwenyewe: simamisha instansi (seva yako), chomoa diski ya mfumo, ichomeke kwenye instansi nyingine iliyo kwenye Availability Zone ileile, rekebisha, irudishe kwa jina lake la awali la kifaa. Kabla ya kusimamisha, jua kwamba IP ya umma itabadilika kama huna Elastic IP (anwani ya kudumu), na kilichomo kwenye instance store (diski ya muda) kitapotea moja kwa moja. Diski ya XFS iliyotoka kwenye image ileile itagoma kwa sababu ya UUID (kitambulisho cha diski) kufanana. Tumia `mount -o nouuid`. Ili kuzima ufw, hata chroot (kuingia ndani ya mfumo wa diski hiyo kana kwamba umeuwasha) haihitajiki: weka `ENABLED=no` kwenye `/etc/ufw/ufw.conf` ya diski hiyo. Na kama kosa lilikuwa kwenye fstab (orodha ya diski zinazopachikwa mfumo unapoinuka), diski zisizo za lazima ziandikie `nofail`.

5. Weka njia ya kurudi kabla ya kugusa, na isipite mahali unapopagusa.

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa takribani saa 6. Amri moja ya matengenezo ya kawaida ilikata mtandao wao wa uti wa mgongo, na programu ya ukaguzi iliyopaswa kuizuia ilikuwa na kasoro. DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) ikatoweka, zana za ndani zikafa nayo, na hata mtandao wa pembeni uliowekwa kwa dharura haukupatikana. Ilibidi watu wapelekwe kwenye vituo vya data.

Wa mitandao, njia za kurudi mnazo tayari, zitumieni: `commit confirmed` ya Juniper hurudisha yenyewe baada ya dakika 10, `reload in 10` ya Cisco, inayowasha kifaa upya baada ya dakika 10, hufaa mradi hujahifadhi mipangilio, na Safe Mode ya MikroTik hufuta mabadiliko ukikatika, ingawa inaweza kuchukua dakika 9. Kwenye seva, `netplan try` inakupa sekunde 120. Kwa fayawoli, tangulia na `echo "ufw disable" | at now + 5 minutes`, huku umehakikisha kuwa atd (huduma inayoendesha amri za `at`) inafanya kazi. Ukishaingia kwa dirisha la pili, tazama namba kwa `atq` na uifute kwa `atrm`. Ukisahau, fayawoli itazimika baada ya dakika hizo 5 na hakuna atakayeambiwa.