Mwambie mtoto kinachofuata: kwa vijana wanaotaka kuandaa kambi ya watoto waliokimbia vita

Saa nane usiku nilimkuta mtoto mmoja amekaa karibu na mlango wa ukumbi, mgongo ukutani, viatu miguuni, begi lake dogo mapajani. Wenzake thelathini na watatu walikuwa wamelala kwenye magodoro tuliyoazima kwa waumini. Nikachuchumaa, nikamuuliza mbona halali. Akanijibu kwa Kiswahili cha kwao: "Yaya, mukitoka usiku musiniache."

Hiyo ilikuwa Juni 2025, usiku wa kwanza wa kambi ya kwanza niliyosaidia kuiongoza, kwenye ukumbi wa kanisa letu huku Ilemela, Mwanza. Watoto walitoka katika familia kumi na moja zilizokimbia Goma na Bukavu, mashariki mwa Kongo, baada ya miji hiyo kutwaliwa na waasi wa M23, Goma mwishoni mwa Januari na Bukavu katikati ya Februari mwaka ule. Mama zao ni watu wa huku huku, wa Magu, Sengerema na Ukerewe, walioolewa Kongo wakarudi kwa wazazi wao na watoto na mabegi mawili matatu. Kanisa liliwafahamu kwa sababu bibi zao wengine ni waumini wetu.

Moyo tulikuwa nao. Tulikuwa na mchele, mipira, gitaa, spika na fulana za rangi ya chungwa. Tulichokosa ni kuelewa jambo moja, na hilo ndilo nataka kuwaeleza vijana wa makanisa mengine wanaoniuliza waanzie wapi. Mtoto aliyekimbia vita ameondolewa kwao bila kujua kinachofuata. Aliamshwa usiku, akabebwa, akapandishwa gari au mtumbwi, na kila alipouliza "tunaenda wapi?" watu wazima hawakuwa na jibu. Kwa hiyo lolote utakalomfanyia bila kumwambia mapema, hata liwe zuri namna gani, kwake linafanana na usiku ule. Na sisi, kwa nia njema kabisa, tulikuwa tumeijaza kambi mambo ya kushtukiza: zawadi za kushtukiza, mgeni wa kushtukiza, safari ya boti ya kushtukiza.

Ushauri wangu wa kwanza siupunguzi hata kidogo: msiwalaze. Fanyeni kambi ya kutwa. Asubuhi ile tulipowapigia mama zao, tulikuta nao hawajalala. Mmoja alishafika getini kabla jua halijachomoza, amejifunga khanga, anauliza tu kama mwanawe yupo. Familia ambazo zimetoroka pamoja hazitenganishwi usiku kwa ajili ya nyimbo na michezo. Siku hiyo hiyo tulirudisha magodoro kwa wenyewe, tukakodi Hiace, dereva mmoja kwa siku zote tano, na kituo kile kile asubuhi na jioni. Saa mbili na nusu wanafika, saa kumi wanarudi kwa mama zao.

Kisha tukatengeneza ratiba ya kuonekana kwa macho. Ni karatasi kubwa ya manila iliyobandikwa ukutani, yenye picha zilizochorwa kwa mkono: kikombe cha chai, mpira, kitabu, sahani, mkeka, Hiace. Kila asubuhi tunakaa chini ya mwembe, mtoto mmoja anaisoma kwa sauti, na kila jambo likiisha mtoto mwingine analiweka alama ya kalamu nyekundu. Kukiwa na badiliko tunalisema palepale na kuliandika: leo mvua inanyesha, mpira hakuna, tutachora, kisha chai kama kawaida. Unaweza kuona ni jambo dogo. Siku ya tatu chai ilichelewa dakika kumi, na binti ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu afike alinijia, akanishika mkono, akanipeleka mbele ya karatasi na kunionyesha kikombe. Nilikwenda jikoni mbio. Baadaye nililia, lakini si mbele yake.

Sauti ndizo zilizotusumbua zaidi, na hapa nawaambia hasa nyinyi wa Mwanza. Mji wetu umejengwa juu ya mawe, na anayetaka kiwanja lazima avunje jiwe. Siku ya pili, saa tano, jirani alipasua mwamba kwa baruti. Sisi tulishtuka kama mtu anavyoshtuka, halafu tukaendelea. Tulipogeuka, mkekani hapakuwa na mtoto. Walikuwa chini ya meza, nyuma ya mapipa ya maji, ndani ya vyoo. Msichana wa miaka tisa alikuwa amelala juu ya mdogo wake, amemfunika mwili mzima, kimya. Ilituchukua zaidi ya saa moja kuwarudisha, na wengine hawakula siku hiyo.

Jioni nilimfuata msimamizi wa mafundi, nikamweleza watoto wetu ni akina nani. Alinisikiliza vizuri, akaahidi kutuma kijana nusu saa kabla ya kila mlipuko. Kesho yake alimtuma kweli. Tukawaambia watoto: jirani anavunja jiwe ili ajenge nyumba, utasikia mshindo mmoja mkubwa, halafu basi. Tukawapeleka wawili wenye umri mkubwa na mama mmoja wakaone lile jiwe kabla. Tukaziba masikio pamoja, tukahesabu kwa sauti. Mshindo ulipolia wengine walilia, ila hakuna aliyekimbia. Kwa hiyo kabla ya kambi, zungukeni majirani wote: anayechomelea vyuma, anayevunja mawe, ukumbi wenye sherehe. Maputo yaacheni kabisa. Mpiga spika asijaribu mitambo watoto wakiwepo. Na mvua ya ziwani ikianza kupiga mabati kwa ghafla, mtu mzima aseme neno "mvua" kwa sauti ya kawaida kabla mtoto hajaamua mwenyewe ni kitu gani.

Msidhani pia kwamba kwa kuwa nao wanasema Kiswahili basi mnaelewana. Dada mmoja kwenye timu yetu alinuna alipoitwa yaya, akaona amefanywa mtumishi wa nyumbani. Kwao yaya ni kaka au dada mkubwa, ni heshima. Mtoto mwingine alisema "tulisikia masasi," na kijana wetu, akidhani ni mji wa Masasi, akamuuliza kama ana ndugu Mtwara. Masasi kwao ni risasi. Mtoto alimtazama tu, akanyamaza, na ilichukua siku mbili kabla hajamkaribia tena. Tulikaa na mama zao, tukaandika maneno kama hayo kwenye daftari. Mpishi wetu naye akajifunza kwamba sombe ni kisamvu na lengalenga ni mchicha, na siku alipopika sombe kwa ugali na dagaa masufuria yalirudi meupe. Mama mmoja alisema dagaa wetu wanamkumbusha sambaza wa Ziwa Kivu.

Michoro nayo msiitafsiri. Msichana wa miaka kumi alichora mlima unaotema moto juu ya nyumba, nasi tukaandika kwenye kumbukumbu zetu: mabomu. Mama yake alipouona alisema hapana, huo ni Nyiragongo, volkano ya Goma, iliyolipuka Mei 2021 wakakimbia kwa miguu. Vita ilimkuta mtoto yule akiwa ameshakimbia mara moja. Akichora, muulize anataka mchoro ukae wapi, ukutani au begini kwake. Akitaka kukueleza, atakueleza.

Sasa nakuja kwenye kosa langu mwenyewe. Jumapili baada ya kambi nilimwomba mvulana wa miaka kumi na miwili asimame mbele ya kanisa atoe ushuhuda. Nilidhani namheshimu, na nilidhani waumini wakisikia watatoa zaidi. Alikubali, kwa kuwa mtoto wa namna hiyo hukubali kila anachoambiwa na mtu mzima aliyempa chakula. Akaanza vizuri, jina lake, mji wake, shule yake. Akafika kwenye neno masasi, akasimama. Mikono ikaanza kutetemeka. Watu wakadhani ni uchungu wa kawaida, wakaanza kumwimbia ili kumtia moyo, na mama yake akatoka nyuma kabisa ya kanisa, akapita katikati ya viti, akamchukua.

Nilikwenda kwao jioni kuomba radhi. Mama aliniambia, bila ukali, "Hayo hajawahi kunisimulia hata mimi. Wewe ulitaka awasimulie watu mia tatu?" Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Tangu hapo ni sheria kwetu: hakuna mtoto anayeulizwa habari za vita, si mbele ya kanisa, si faraghani, si kwa ajili ya maombi. Akianza mwenyewe, unasikiliza, humkatizi, humdadisi, humwambii "yameisha" maana hujui kama yameisha.

Kabla ya kambi iliyofuata tulipata mafunzo ya Jumamosi mbili kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ile ambayo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2011. Nguzo zake ni tatu: angalia, sikiliza, unganisha. Hiyo ya tatu ndiyo vijana wa kanisa huisahau, kwa sababu tunataka kumaliza kila kitu kwa maombi. Ninaomba, na nitaendelea kuomba. Lakini mtoto ambaye wiki zinapita halali, au ameanza upya kukojoa kitandani, au anajiumiza, au ameacha kusema, anahitaji mtaalamu. Zungumza na mzazi, mwende kwa afisa ustawi wa jamii, na hospitali kama Bugando ina idara ya afya ya akili.

Kuhusu ziwa. Ziwa Kivu halina mamba, na mtoto wa Goma huingia majini kama wetu anavyoingia uwanjani. Siku tuliyowapeleka ufukweni kutazama tu, wanne walishavua mashati kabla hatujamaliza kuhesabu watu. Ziwa letu lina mamba, na lina kichocho. Waambieni hivyo siku moja kabla, waelezeni konokono wanaoeneza ugonjwa huo, na vijana wawili wasimame kati ya watoto na maji wakati wote. Safari ya boti kwenda kisiwa cha Saanane tuliifuta, kwa sababu mama zao walitueleza kwamba watoto sita walivuka Kivu usiku wakiwa wamejazana kwenye boti. Kambi ya pili tulikwenda, baada ya kuitangaza siku tatu kabla, na aliyesema sitaki alibaki na yaya anayemfahamu, bila kubembelezwa.

Mengine nayapitia haraka, ingawa bila hayo msianze. Barua ya mchungaji ifike serikali ya mtaa na kwa afisa ustawi wa jamii. Kila mzazi aeleweshwe na kusaini. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto, hata chooni, hata kwenye gari, na asimpeleke mtoto nyumbani kwake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawalinda watoto hawa kama wengine, namba ya simu kwa mtoto ni 116 na ni bure, na polisi wana dawati la jinsia na watoto. Sisi tuliwakataa watu wawili waliotaka kujitolea, mmoja akiwa ndugu wa mzee wa kanisa, na tukavumilia maneno. Kama watoto mnaowafikiria ni wakimbizi walioandikishwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, kuingia huko kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na wao kutoka kunahitaji kibali. Msimchukue mtoto kwa basi kwa huruma, mtamtia mama yake matatani.

Watoto saba kati ya wale walikuwa Waislamu. Naiamini injili kwa moyo wangu wote, na kwa sababu hiyo hiyo siwezi kumhubiria mtoto wa mtu ambaye ameniamini kwa siku tano. Tuliwaambia wazazi mapema saa ya nyimbo na hadithi za Biblia ni ipi, na kwa saa hiyo kulikuwa na kona ya kuchora iliyo wazi kwa yeyote.

Picha tulikataa. Mfadhili mmoja wa fulana alizitaka sana, tukampelekea picha ya karatasi ya manila ikiwa imejaa alama nyekundu. Hakufurahi.

Siku ya mwisho ya kambi ya kwanza tuligawa zawadi, tukapunga mikono, Hiace ikaondoka. Mtoto mmoja alichungulia dirishani akauliza, "Kesho mutakuya?" Tukasema ndiyo, Mungu akipenda, kwa kuwa hatukuwa na ujasiri wa kusema hapana. Kesho yake walikwenda kituoni, kumi na moja kati yao, wakasubiri hadi mama mmoja akaja kuwachukua.

Kambi ya pili tulihesabu siku tangu mwanzo: leo ya kwanza, zimebaki nne. Siku ya tano kwenye manila tulichora Hiace, na chini yake mwembe na namba ya tarehe, Jumamosi mbili mbele, watakapotukuta tena palepale saa nne. Vijana wanne walikuwa wameandika majina yao kuendelea na Jumamosi hizo kwa mwaka mzima, kucheza, kusaidia masomo ya wale waliosoma kwa Kifaransa na sasa wako madarasani kwetu, na kufuatana na mama zao shuleni inapobidi. Kambi hiyo tuliiahirisha wiki mbili kwa sababu mwanzoni majina yalikuwa matatu tu. Mkikosa watu hao, ahirisheni na nyinyi.