Wodi kwanza, au masta?

Mdogo wangu wa hospitali ya Bombo, Tanga, wauliza kama miaka miwili wodini yatosha kwenda kufundisha uuguzi chuo kikuu. Mimi ningeongeza miwili. Nilipoanza kufundisha, mwanafunzi aliniuliza mbona dripu imesimama na kanula, kile kimrija cha mshipani, iko sawa. Sikufungua kitabu, nilimnyoosha mgonjwa kiwiko tu, matone yakashuka. Jicho hilo hulipati darasani.

Ila usikae bure: wanafunzi wa mazoezi wakija hapo Bombo, omba uwasimamie wewe. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga usiiache iishe. Na GPA, yaani wastani wa alama zako, je? Matangazo ya vyuo vya umma hutaka 3.8 shahada ya kwanza, 4.0 ya uzamili. Hapo ndipo wengi hukwama, mimi mwenyewe nusura.